Kahawa ya Qurayyat

Ustadha Zuwena alifariki Jumanne asubuhi, na mie khabari nliipata nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa Azaiba, hapa Maskati, nimeshika karatasi ya dawa za presha za mama. Nliisoma risala ile simuni mara mbili. Kisha nikatoka kwenye foleni bila ya dawa, nikaenda kukaa garini, na badala ya kumlilia marehemu nikajikuta nnahesabu miaka kwa vidole, mtu mzima mie. Kumi na tatu. Miaka kumi na tatu tokea ule mmoja nliokaa kwake, na katika muda wote huo tulionana kwenye harusi, kwenye maiti, kwenye Idi, tukapeana mikono tukabusiana, na kila mara nlikuwa na neno moja la kumwambia, na kila mara nikasema haya, Idi ijayo. Watu wakiandika juu ya mwaka uliowafanya wawe walivyo, aghlabu huwa wanajisifu kwa mlango wa nyuma. Mie sina cha kujisifia. Mwaka ule ulinionyesha mie ni mtu wa namna gani, na sikumpenda nliyemwona.

Nlikuwa na miaka ishirini na saba, sijaolewa, nna shahada nzuri na sina kazi, na shangazi zangu wote wananitazama kwa jicho la kuniuliza. Ofisi ya Ustadha ilikuwa Ghubra, juu ya fundi wa mabuibui, vyumba viwili na choo, ngazi zake nyembamba hata watu wawili wakikutana lazima mmoja arudi alikotoka. Mashine za fundi zilitetemesha sakafu tokea asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na harufu ya pasi ilipanda mpaka kwenye mafaili. Ustadha alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye haraka, Mwarabu wa ndani kabisa, wa milimani, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Siku nne za wiki alikuwa wakili kama mawakili wengine. Jumatatu ilikuwa ya wasiokuwa na kitu: wajane wenye ugomvi wa mipaka ya mashamba, vibarua, na zaidi ya wote wasichana wa kazi za nyumbani kutoka Uganda. Wale waliosema Kiswahili ndio walioniletea kazi mie. Siku ya kwanza aliniambia, kwa Kiarabu chake cha milimani ambacho nusu yake kilinipita, "Thuraya, wewe ni bomba la maji. Kinachoingia huku kitoke kule. Usitie sukari."

Mlango wetu ulikuwa haufungi sawasawa, kwa hivyo nliyasikia mazungumzo ya ngazini kabla hayajafika mezani. "Wewe mabosi wako wanakuitaje?" mmoja anauliza. "Mariam." "Na mimi Mariam. Na huyu?" "Huyu pia Mariam." "Wee! Mariam watatu kwa ngazi moja, hata parokia yetu hatuko hivyo." Wakacheka wakijiziba midomo. Kisha wakaitwa mmoja mmoja na kicheko kikaisha, maana ndani walikuja kusema ya kufungiwa, ya kupigwa, ya mwaka mzima bila ya kumsikia mzazi kwenye simu. Saa saba Ustadha alitandika sufra ya plastiki chini, akafunua sufuria yake ya wali na papa mkavu wa kukaanga kwa kitunguu na ndimu, tukala sahani moja, wakili, mkalimani, na Mariam yeyote aliyekuwepo. "Kula," aliwaambia, na hilo ndilo neno pekee la Kiswahili nliloweza kumfundisha likakaa. Alisema mtu mwenye njaa hakumbuki sawasawa, na mahkama hupenda mtu anayekumbuka.

Lakini kesi nyingi hakuzipeleka mahkama. Ustadha aliamini sulhu. Alikwenda kwa mzee wa ile familia, yule ambaye neno lake likishatoka hakuna kijana anayelirudisha, akawakalisha aliyekosa na aliyekosewa chumba kimoja, mbele ya wale wale waliolishuhudia kosa, na kikasemwa cha kusemwa. "Hukumu ni karatasi," alikuwa akinambia. "Karatasi haimtazami mtu usoni." Nami nliona kwa macho yangu ikifanya kazi: bwana mzima, mwenye cheo na gari la maana, akimwomba radhi msichana wa miaka kumi na tisa aliyemfungia ndani mwezi mzima, na machozi yanamtoka kwelikweli. Siku ile nlirudi nyumbani nikamwambia mama hii ndiyo kazi nliyoumbiwa. Alhali mabaraza yale, nasema kweli, yalikuwa yananitia khofu. Sie tuliotoka Unguja tunajua tunavyotazamwa humu. Kiarabu chetu kina lafudhi, mila zao nyingi tulizikuta ukubwani, na ukikosea kitu kidogo tu mtu anatabasamu, anasema "Zinjibariya," basi, umeshawekwa mahali pako. Nlikuwa nimejifunza njia yangu: wakisimama nasimama, wakila nakula, wakinyamaza nanyamaza. Kuuliza, hata siku moja. Nlikuwa radhi nikosee kuliko niulize.

Proscovia alikuja mwezi wangu wa tatu, Jumatatu ya joto kali, mkono wa kulia umefungwa plasta tokea vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, kwao upande wa Masaka, na Kiswahili chake alikiokota Nairobi alikouza viatu miaka miwili. Kiswahili hicho ndicho kilichompatia kazi. Alichukuliwa na bwana mmoja wa Azaiba, Salim, amwangalie mama yake, Bi Asya, mzaliwa wa Unguja, ambaye kiharusi kilimchukua Kiarabu chote kikamwachia Kiswahili, tena maneno ya kuhesabika: maji, mwanangu, joto, bado. Wanawe hawakuweza tena kusema na mama yao vizuri, msichana wa Kiganda akaweza. Alimwita Jajja, ndivyo kwao wanavyomwita bibi, na mwanawe akimwita Baba Salim. Alimwosha, alimsuka, alimlisha uji, na yule bibi kwa maneno yake manne na macho yake akamfundisha adabu za nyumba: usiingie na viatu, usimpitie mtu mbele anaposali, usimpe mtu kitu wala usipokee kwa mkono wa kushoto.

"Siku hiyo Baba Salim aliniambia nipande juu nianike nguo, yeye atakaa na Jajja," alitusimulia, na sauti yake ilikuwa sawa, bila ya kupanda wala kushuka. "Nikapanda. Nikasikia kishindo. Nikashuka mbio, Jajja yuko chini bafuni, Baba Salim yuko sebuleni na simu." Nyonga ya Bi Asya ilivunjika. Majirani waliingia, dada wawili wa Salim wakaitwa, na Salim mbele yao wote akasema msichana kamsukuma mama. Kisha akaukamata ule mkono akauzungusha. "Niliusikia ukivunjika," Proscovia alisema. "Na Jajja alikuwa anasema bado, bado, bado. Hakuwa na neno lingine." Alitoka mlango wa nyuma usiofungwa, akaenda kwa miguu mpaka barabara kubwa, na dereva wa teksi, Mungu amjaalie kheri, akampeleka hospitali. Kesho yake Salim aliripoti kuwa katoroka.

Ustadha alimpangia mambo yote juu ya meza: malalamiko ya mkono, kuifuta ripoti ya kutoroka, ruhusa ya kuhamia kwa mwajiri mwengine. Nlimtafsiria moja moja. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Hayo yote ni sawa, Madamu," akasema. "Lakini mimi nataka aseme." Aseme nini? "Ukweli. Kwamba sikumsukuma Jajja. Aseme na sauti yake, niichukue na simu, nimpelekee mama yangu." Wakala aliyemleta Maskati alikuwa mwanamke wa parokia moja na mama yake, na Salim alikuwa ameshampigia huyo wakala simu. Ijumaa moja khabari ilifika. Jumapili kanisa zima lilijua kuwa binti wa fulani kamvunja mzee wa watu huko Uarabuni. "Mama hajanipigia tena," akasema. Ustadha aliuliza kasema nini, na mie nikamtafsiria, bila ya sukari, na nlimwona anavua miwani anaifuta kwa ncha ya shela, na haikuwa na uchafu wowote.

Wiki sita alikaa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Ustadha, chumba chenye kitanda kimoja na friji mbovu iliyowekewa nguo. Nlimpelekea chakula mara mbili tatu kwa wiki, mandazi ya mama, samaki wa kupaka, na yeye akinisubiri keshamenya vitunguu kwa mkono mmoja, kitunguu amekibana chini ya plasta. Tulicheka sana, nashangaa nikikumbuka. Alinitania kwa Kiswahili changu: "Dada, nyinyi mnasema kama mnaimba." Nami nikamwambia nyinyi mnasema kama mnagombana. Alikuwa na mpango wake wa maisha, alinieleza zaidi ya mara moja: akirudi kwao atafungua nyumba ya kulea wazee, maana Kampala watu wamekuwa na shughuli nyingi, wazee wanabaki peke yao, na yeye kazi hiyo anaijua na anaipenda. "Lakini nani ataniachia mama yake," alisema, "nikiwa na jina hili?" Nlimwambia atasema, Salim atasema, inshaallah. Nliyasema haya na mdomo umejaa andazi.

Mzee wa ile familia alikuwa Mzee Hamed, ami yake Salim, kwake Qurayyat. Tulikwenda Alkhamisi, sisi watatu ndani ya gari la Ustadha, tukapita milima mpaka tukaiona bahari tena. Nyumba ilikuwa nyeupe, nyuma ya mitende, na majlisi yake ndefu, mito imepangwa ukutani, kiyoyozi kinadondosha maji ndani ya ndoo. Walikuwepo Salim, dada zake wawili, na majirani wawili wa kiume waliolisikia lile neno siku ile. Mzee Hamed mwenyewe alisisitiza waje, na Ustadha alipowaona alinifinya mkono kwa furaha. Ilikuwa kama alivyotaka. Yaliletwa matunda, ikaletwa halwa, tukala. Kisha Ustadha akaeleza, Proscovia akasema yake, mie nikatafsiri, na simu yake ilikuwa mapajani tayari kurikodi. Sijawahi kutafsiri vizuri kuliko siku ile. Dada mkubwa wa Salim alikuwa akiangalia zulia. Mzee Hamed akasema, "Tumesikia. Ilete kahawa." Hapo Ustadha, ambaye alikuwa na sukari na saa ya sindano yake imefika, akaomba ruhusa akaingia ndani kwa wanawake. Dakika tano, alinambia. Hakuna kitakachoharibika kwa dakika tano.

Kahawa aliimimina Salim mwenyewe, kwa amri ya ami yake, na kikombe cha kwanza alimpa Proscovia. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta. Wa kushoto hakuunyoosha, maana Bi Asya alimfundisha. Basi akainamisha kichwa kwa adabu, na Salim akakiweka kikombe mbele yake juu ya zulia, na pale kikakaa. Salim akawamiminia na wengine, akabaki kasimama na birika. Hakuna aliyenyanyua kikombe chake. Nikawa nasikia maji yanavyodondoka ndani ya ndoo, na macho yote, wallahi yote, yalikuwa kwenye kile kikombe. Mzee Hamed akasema neno moja tu, "Salim." Salim akaketi. Akajifuta uso kwa kilemba. "Mimi siku ile," akaanza. Akasita. Akakitazama kikombe. "Siku ile mimi," akasema tena, na mdomo ukabaki wazi. Nami nliyekuwa bingwa wa kuiga nilitafuta mtu wa kumuiga nisimpate, nikaona aibu inanipanda kutoka miguuni. Nlidhani wameudhika. Nlidhani msichana wangu kakataa ukarimu wao, na Salim anashindwa kuendelea kwa ajili ya uvunjaji wa heshima ule, na lawama itanirudia mie, Zinjibariya, niliyemleta mtu asiyefundwa. Nikamwinamia sikioni. "Kunywa," nikamwambia. "Wanakungoja wewe." Akaninong'oneza, "Na mkono wa kushoto?" Nikasema, "Tumia tu, watakusamehe."

Akanywa. Yote, mara moja, kama dawa. Mzee Hamed alifumba macho akasema, "Alhamdulillahi Rabbil alamin." Salim aliufunga mdomo. Nliuona unavyofungwa. Akashusha pumzi ndefu, akalia kidogo, akasimama kumbusu ami yake kichwani, na majirani wakasimama, na dada zake wakasimama, kila mtu anamshika mwenziwe mkono na kusema Mungu awape kheri, na mie nikasimama vilevile kwa kuwa walisimama. Proscovia peke yake alibaki kakaa na simu yake mapajani. "Dada, imeisha?" aliniuliza. "Lakini hajasema." Nikamwambia ngoja. Ustadha alitoka ndani akiwa bado anashusha mkono wa buibui, akatutazama tuliosimama, kisha akatazama chini pale kwenye zulia, kwenye kikombe kitupu. Sijapata kumwona mtu anabadilika uso vile. "Binti yako mkarimu," Mzee Hamed alimwambia. "Hakumlazimisha kijana kujidhalilisha. Kanywa."

Tulipokuwa tunaipita ile milima kurudi ndipo nlipoelezwa. Proscovia alikuwa kalala kiti cha nyuma, au alijifanya kalala. Ustadha aliendesha kwa mikono miwili na akasema polepole, kwa Kiarabu cha kufundishia mtoto, kwamba mtu akienda kwa watu kudai haki yake, kikombe chake hukiacha chini. Hakigusi. Na kikombe kikiwa chini, mwenye nyumba na jamaa zake wote wamefungwa, hawanywi, hawatoki, mpaka alichokijia apewe. Akishakinywa maana yake karidhika, hana dai tena, na kumdai baada ya hapo ni kumtukana mzee ndani ya nyumba yake. "Nlipokiona kimekaa chini, nilipogeuka pale mlango wa ndani, nilisema moyoni, msichana huyu kafundishwa na nani? Kashawashinda." Kisha akauliza. "Alikunywa mwenyewe, au kuna mtu kamwambia?" Nikauliza ina tofauti gani. "Kubwa," akasema. "Ikiwa ameambiwa, nageuza gari sasa hivi. Namwambia mzee, huyu hajui, aliambiwa na asiyejua. Kikombe kile hakihesabiki. Aibu itakuwa yetu mimi na wewe, nitaibeba. Lakini ikiwa kanywa kwa hiari yake, siwezi kurudi."

Tulikuwa bado hatujafika nusu ya njia. Palikuwa na mahali pa kugeuzia gari, upande wa kulia, na nlipaona panakuja na nlipaona panapita. Nikasema, "Kanywa mwenyewe." Sikufikiri. Lilitoka tu, tena kwa Kiarabu safi. Nliogopa kurudi kwenye majlisi ile na kusimama mbele ya watu sita, nikasema mie ndiye nisiyejua. Ndiyo hiyo tu, hakuna sababu nyengine, na nimeitafuta miaka kumi na tatu. Ustadha aliendelea kuendesha. Baadaye akasema, "Masikini, alikuwa na kiu," na hakulitaja tena.

Karatasi ya sulhu iliandikwa wiki ile. Ripoti ya kutoroka ilifutwa, Salim aligharimia safari ya kurudi, malalamiko ya mkono yakaondolewa. Na chini, kama zinavyoandikwa zote, kuliwekwa kwamba kila upande umemsamehe mwenziwe kwa yaliyotokea. Nlimsomea Proscovia ofisini, mashine za fundi zinatetemesha sakafu. "Kila upande?" akasema. "Mimi wamenisamehe nini?" Nikamwambia ndivyo zinavyoandikwa. "Lakini mtu akiisoma ataona nilifanya kitu nikasamehewa." Alinikazia macho, alitaka nimtafsirie Ustadha. Nikamtafsiria, na Ustadha akasema hana la kufanya, kikombe kimenyweka, na hilo la kikombe mie sikulitafsiri. Bomba liliziba hapo. Proscovia akaweka dole gumba la mkono wa kushoto. Wiki mbili baadaye nlimpeleka uwanja wa ndege mie, mchana, na njia nzima alikuwa akiniuliza kitu kimoja kwa namna mbalimbali: labda alisema neno baya kule Qurayyat? Labda hakulia, na wao walitaka alie? "Kwa nini hawakuniamini, Dada Thuraya? Nilisema vizuri. Wewe si ulisikia?" Nikasema nlisikia. Nikamkumbatia na plasta yake, nikarudi nyumbani, nikala chakula cha mchana na nikamaliza.

Mwaka ulipokwisha niliondoka kwa Ustadha, nikasema nnataka kusomesha. Nnasomesha mpaka leo. Bi Asya alifariki mwaka ule ule, kisha Mzee Hamed, kisha Salim mwenyewe, moyo, ghafla, na lake akenda nalo kaburini. Kila maiti mmoja nliona kama mtu kapungua wa kunisuta, na wallahi nlikuwa nikipumua. Nnasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tatu ya matanga ya Ustadha, nyumbani kwake, binti yake Shamsa alinivuta chumbani akanipa simu ya marehemu. "Khaltu Thuraya," akasema, "humu mna mtu anamtumia mama sauti kwa Kiswahili, siku zote, na mie sielewi. Nahisi afaa aambiwe." Nlitazama. Kila Idi na kila Pasaka, mwaka hata mwaka, Proscovia alimtumia Ustadha salamu za sauti kwa Kiswahili, dakika mbili, dakika tatu, na Ustadha akamjibu kwa sauti, kwa Kiarabu chake cha milimani, na mwisho wa kila moja akisema, kwa lafudhi yake mbovu, "Kula, kula." Miaka yote hiyo waliongea na hakuna aliyejua mwenziwe anasema nini. Nlikuwa naishi mwendo wa dakika kumi na tano kutoka nyumba ile. Hakuna aliyeniita niwatafsirie, na mie nlikuwa najua kwa nini sikuwahi kujipeleka.

Nlimpigia baada ya Laasiri. Nlimwambia khabari ya msiba, akalia, tukalia wote. Kisha nikasema, Proscovia, kuna jambo la Qurayyat. Nikamweleza kikombe, na nlichomnong'oneza, na nlichosema garini. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo alikuwa anataka kusema," akasema.

"Ndiyo."

"Alikuwa amefungua mdomo."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua lini?"

"Siku ile ile. Njiani."

"Wiki mbili kabla ya ndege." Hakuuliza, alikuwa akijiambia. "Mimi nilifikiri hawakuniamini. Dada, miaka kumi na tatu nafikiri nilisema vibaya. Usiku na mchana nabadilisha maneno kichwani, ningesema hivi, ningesema vile." Kisha akanambia kuhusu mama yake. Yuko hai, ni mzee sasa, wanaishi nyumba moja. Proscovia ndiye anayelima, ndiye anayepika. Lakini anapougua hutaka kuoshwa na mtoto wa jirani. "Hajawahi kuniuliza. Hata siku moja. Anaogopa jibu." Nyumba ya wazee haikufunguliwa, hakuna aliyemletea mtu. "Mama yuko hapa," akasema. "Amekaa mlangoni. Sema sasa."

Nikasema mie sijui Kiganda. "Na yeye hajui Kiswahili," akasema. "Sema polepole. Mimi nitatafsiri."

Nikasema. Nlisema mie sikuwepo bafuni, siwezi kuapa nisichokiona, lakini nlikuwepo Qurayyat na nlimwona mtoto wa yule bibi anataka kukiri mbele ya watu, na mie ndiye nliyemzuia bila ya kujua, na nikaficha kwa kujua. Nlisema binti yako hakusamehewa kitu kwa sababu hakufanya kitu. Kila sentensi moja nikasita, na sauti ya Proscovia ikafuata kwa Kiganda, sawa, bila ya kupanda wala kushuka. Mahali nliposema kwa urefu, yeye alisema kwa ufupi. Mahali nliposema maneno mawili, yeye alikwenda muda mrefu. Sikujua anaongeza au anapunguza, na sikuwa na haki ya kuuliza. Nlipofika mwisho nikasikia sauti ya bibi kikongwe, neno moja au mawili, basi.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema amesikia."